Simu ya kazini inanitoa kwenye bao

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Magomeni, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu iko Kijitonyama. Tuna mfumo unaounganisha maduka na vituo vya mafuta na mitandao ya simu: mteja akilipa kwa simu, sisi ndio tunaupokea ule muamala na kuuingiza kwenye hesabu za mwenye biashara. Wanaoujua mfumo huo kwa ndani ni watatu tu. Mmoja ameoa majuzi, mwingine ana mtoto mchanga, kwa hiyo simu za usiku karibu zote zinaniangukia mimi. Meneja anasema, "Wewe huna familia."

Kazi yenyewe siichukii, shangazi. Napata mshahara ambao baba yangu hakuwahi kuuona mpaka anastaafu. Nikiwa na tatizo gumu asubuhi, ofisi imetulia, chai inapoa mezani sina habari. Balaa ni usiku, hasa mwisho wa mwezi. Mishahara ikishatoka miamala inafurika, mtandao mmoja wa simu unachelewa kujibu, mfumo wetu unadhani malipo hayajapita, unayatuma tena. Mteja anakatwa mara mbili. Saa nane usiku naamshwa: "Kaka, kituo cha mafuta kina watu wanagombana na mhudumu, amka." Nafungua laptopu kitandani, natafuta iliyojirudia mmoja baada ya mwingine, narudisha hela za watu, naandika ripoti, adhana ya alfajiri inanikuta macho. Saa mbili asubuhi nimening'inia kwenye mwendokasi nasinzia, na ofisini nahesabiwa kuchelewa kama mtu yeyote. Kuurekebisha ule ubovu wenyewe tunajua tufanyeje, tumeomba tupewe muda. Tunaambiwa wateja wapya kwanza.

Sasa mimi starehe yangu ni moja, bao. Alinifundisha babu, Bagamoyo, nikiwa darasa la tatu. Karibu na ninapoishi kuna kijiwe chini ya mwembe, wengi ni wazee, na Jumamosi kuanzia alasiri mpaka isha utanikuta pale. Jumamosi iliyopita nilikaa na mzee mmoja ambaye kumfunga si jambo la mchezo. Namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, tumemaliza, tumeingia mtaji, hatua ya pili, nyumba yake, lile shimo maalumu la kete nyingi, nimeshaila, safu yake ya mbele imebaki na kete za kuhesabu. Simu ikaita. Nikainuka na laptopu yangu mgongoni. Mzee akazoa kete zote akaanza kupanga upya, akasema, "Mwacheni, kaitwa na mwenyewe." Kijiwe kizima kikacheka. Shangazi, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika ofisini.

Kuna la pili. Tangu mwaka jana naandika programu ya kucheza bao. Naiandika usiku kwenye laptopu ya ofisi nikisubiri simu zao. Inacheza, ila bado ina matatizo. Kuna hesabu ambazo kete zinazunguka tu hazilali, programu inaganda. Halafu suala la nyumba, mchezaji alale (aishie hapo) au asafiri (azoe kete zake aendelee kuzigawa), kila nikidhani nimeshaliweka sawa mzee mmoja ananiambia kwao hawachezi hivyo. Meneja aliiona kwenye kioo changu, akafurahi mno. Anataka tuipeleke banda la kampuni Sabasaba, halafu iuzwe. Nikausoma mkataba wangu, umeandikwa kwamba programu yoyote nitakayoandika nikiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni. Kaka yangu anasema niache kazi niiuze mwenyewe nitajirike. Mchumba wangu anasema bao ni la wastaafu, niliache kabisa, muda huo nitafute kazi za nje za kulipwa kwa dola.

Niache bao, niache kazi, au bao ndiyo iwe kazi?

Mchovu wa Magomeni


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Meneja, kaka na mchumba, wote watatu wana mipango na bao lako. Hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu simu ya saa nane usiku. Mimi nitaanza na simu, kwa sababu bila hiyo simu usingeniandikia.

Wasomaji wengine hawajui kwamba kabla ya kushika kalamu hii nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma. Niliingia kazini katika nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na waliotutangulia walituambia tuzitunze zile zilizopo kama mboni ya jicho. Mishahara ya shirika zima tuliipitisha usiku. Lakini sikiliza tofauti: usiku ule ulikuwa na daftari. Jina lako limeandikwa tangu wiki iliyopita, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani anakupokea. Kulikuwa na posho ya chakula na gari la kukurudisha nyumbani, na kesho yake hakuna aliyekutegemea kabla ya mchana. Tulinung'unika, usidhani tulikuwa malaika. Ila hatukuwahi kuitwa kazini kwa sababu hatujaoa.

Ninyi hamna zamu. Mna mtu mmoja ambaye hajui kusema hapana.

Anza na sheria, maana wengi wa vijana wa kompyuta wanadhani haiwahusu kwa kuwa wanavaa fulana ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada: zinahitaji makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa. Na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena unatakiwa upate mapumziko ya saa 12 mfululizo, ambayo yanaweza kupunguzwa mpaka 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti maalumu. Ukifanya kazi mpaka alfajiri halafu saa mbili upo kwenye mwendokasi, hizo saa 8 ziko wapi? Angalizo: masharti haya ya saa hayawagusi wale wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Hivyo wakija kesho na cheo kizuri cha "kiongozi wa mifumo", soma kwanza wanakupa nini na wanakunyang'anya nini.

Sikutumi ukawatishie na vifungu. Ukiingia kwa meneja umeshika sheria mkononi atafunga mlango wa masikio, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo pale mazungumzo yatakaposhindikana, si kabla. Ingia na karatasi moja. Chukua miezi mitatu iliyopita, orodhesha kila simu ya usiku: tarehe, saa uliyoamka, saa uliyolala, chanzo, miamala mingapi mlirudisha, mteja gani wa kampuni alilalamika. Kumbukumbu za mfumo unazo, ni kazi ya asubuhi moja. Nina hakika, kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba sehemu kubwa ya mistari itakuwa na chanzo kimoja kilekile.

Na chanzo hicho mnakijua! Hapa ndipo nilipotaka kurusha miwani. Malipo yatembee na namba yake ya pekee tangu yanapoanzia, mfumo ukiiona namba hiyo mara ya pili urudishe jibu la mwanzo badala ya kukata tena. Utaratibu huu ni wa kawaida kabisa kwenye mifumo ya malipo, wala hauhitaji mtaalamu wa kutoka nje. Lakini wanaoamshwa usiku hawapewi mchana wa kurekebisha, na anayepanga kazi za mchana amelala usiku. Basi huo usiku utakuja kila mwezi mpaka uzeeke. Karatasi yako iseme hivyo kwa lugha ya fedha: hela zilizorudishwa, saa zilizopotea, wateja walioudhika, na siku ngapi za kazi zitamaliza tatizo. Meneja anayesema "wateja wapya kwanza" ataielewa lugha hiyo, kwa sababu mwenye vituo vya mafuta aliyechoka kugombana na madereva ataondoka na wenzake.

Halafu omba zamu ya kweli. Google, ambao mifumo yao haifungwi, walieleza hadharani mwaka 2016 wanavyopanga zamu zao. Walikadiria kwamba tukio moja, ukihesabu kulizima, kutafuta chanzo na kuandika ripoti, linakula kama saa sita, kwa hiyo zamu ya saa 12 isibebe zaidi ya matukio mawili. Kwa timu ya sehemu moja waliona wanahitajika angalau wahandisi wanane. Ninyi ni watatu. Sisemi kampuni yenu iajiri watano kesho, hela hiyo haipo na wote tunajua. Nasema watatu mnaweza kupokezana wiki kwa wiki, na jina la mwenye wiki likaandikwa ukutani. Wiki ambayo si yako, simu ya usiku haikuhusu hata nyumba ikiungua. Aliyeamshwa baada ya saa sita usiku aingie kazini mchana. Na yale makosa madogo ambayo hata mtu wa huduma kwa wateja anaweza kuyashughulikia kwa maelekezo ya ukurasa mmoja, muandikie huo ukurasa, uache kuwa mganga pekee wa kijiji.

Wenzako wawili watasema wana familia. Watoto nawapenda, ndoa naziombea. Lakini mwenye mtoto mchanga yuko macho usiku kwa vyovyote (natania, msiniandikie barua). Ukweli ni kwamba mzigo wa kazi unagawanywa kwa kazi. Anayehitaji kupunguziwa wiki kwa sababu ya mtoto apunguziwe kwa makubaliano, na wewe ulipwe kwa kumbebea. Hilo ni tofauti sana na kudhani kwamba asiye na mke hana pa kwenda Jumamosi.

Nije kwenye programu yako ya bao, na hapa nitakukera kidogo. Unaiandika kwenye laptopu ya ofisi, usiku, ukisubiri simu za ofisi. Halafu unashangaa meneja kuiona kama mali ya kampuni? Umemtengenezea hoja yake mwenyewe. Leo hii, kabla hujalala, iondoe. Nunua hata laptopu ya mtumba ya Kariakoo, tumia bando lako, fanya kazi hiyo siku ambayo huna zamu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi mengine. Kanuni za bao hazina mwenyewe, ni za watu wote tangu enzi za mababu, ila ulichokiandika wewe kina mwenyewe, na swali ni nani. Kipengele cha mkataba wako kimeandikwa kipana mno, na upana huo unajadilika. Mpelekee mwanasheria akisome, kisha iombe kampuni nyongeza ya mkataba isemayo kwamba kazi zako za nje ya saa za kazi, kwa vifaa vyako, zisizohusu malipo, ni zako, na bao litajwe kwa jina. Kampuni huenda ikatia saini nyongeza kama hiyo bila matata, mradi ombi lije kabla kitu hakijaanza kunukia hela. Kikishanuka, kila mtu anakumbuka kifungu.

Kwa hiyo Sabasaba, hapana. Usimkatalie meneja kwa ukali, mwambie haijaiva, na kweli haijaiva: inaganda mbele ya mtu. Watu wa bao watakaokuja pale bandani watakuaibisha ndani ya dakika kumi, wataiuliza nyumba inasafiri lini na itatoa macho.

Kaka yako atakutolea mfano wa Linus Torvalds, kijana wa Finland aliyetangaza mwaka 1991 kwamba anatengeneza mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kwa kujifurahisha tu na hautakuwa kitu kikubwa. Leo mfumo huo, Linux, ndio unaoendesha seva nyingi dunia nzima, zile kompyuta zinazohudumia nyingine mtandaoni, na sitashangaa hata zenu zimo. Mfano mzuri, ila amuulize pia kuhusu mapenzi ya pili ya bwana huyo, kupiga mbizi. Mwaka 2011 aliandika programu ya kuweka kumbukumbu za mbizi zake, inaitwa Subsurface, na akaitoa bure itumiwe na anayetaka. Mkono wa mwandishi wa programu unawasha, ndivyo mlivyoumbwa. Akipenda samaki ataandika programu ya samaki. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni hii tabia yetu ya siku hizi kwamba mtu akionekana anafurahia jambo, watu wanamuuliza utalipigaje hela. Kijana anapika vizuri, fungua mgahawa. Anaimba bafuni, toa albamu. Jamani, watu wasipumzike?

Hebu fikiria bao likiwa kazi. Utaamka usiku kwa sababu programu ya bao imeganda kwenye simu ya mtu wa Mwanza. Utasoma malalamiko ya Wazanzibari kwamba umeiandika kibara. Na Jumamosi alasiri ukipita mwembeni hutaona mchezo, utaona makosa ya kurekebisha. Utakuwa umeondoa kitu pekee kwenye wiki yako ambacho hakikuhitaji wewe ukirekebishe.

Tena niseme ninachofikiri, nawe utakipima: kuandika programu ya bao hakukupumzishi. Macho ni yaleyale, kiti kilekile, kichwa kinafuata hatua zilezile mpaka usiku wa manane. Unaipenda, sawa, endelea nayo ukiwa na nguvu. Ila usiihesabu kama mapumziko. Mapumziko yako ni pale mnapokaa wawili, kete sitini na nne, na mzee anayekusoma macho. Ndiyo maana ulikasirika vile alipozizoa. Ofisini ukiharibiwa kazi unarekebisha, pale hakuna pa kurudia. Wala yule mzee hakukukosea. Mchezo una heshima yake, anayeinuka amefungwa, na ungeshika wewe nafasi yake ungefanya hivyohivyo. Rudi ukae naye. Usijitetee kwa maelezo ya seva.

Mchumba wako ana hoja, ingawa kaisema kwa namna mbaya. Bao si la wastaafu, na ungemchukua siku moja akaona vijana wanavyofungwa pale angeacha kusema hivyo. Lakini mwezi mzima usiku ni wa ofisi, Jumamosi ni ya mwembe, yeye anapata Jumapili ya mtu aliyelala na kukoroma. Mgawie siku yake kabla hujagawa za wengine, na siku hiyo simu uiache nyumbani kama huna zamu. Kazi za dola ni njaa yake ya maisha mazuri, si dhambi. Mweleze tu kwamba saa za wateja wa Marekani ziko nyuma sana ya zetu, na sehemu kubwa ya mchana wao wa kazi inaangukia usiku wako. Utakuwa umebadilisha anayekuamsha. Kama mtaamua baadaye kwamba hela hiyo inastahili, mtaamua pamoja, kichwa kikiwa kimelala vya kutosha.

Kuacha kazi usifikirie kwa sasa. Una kazi unayoipenda mchana. Peleka karatasi yako katikati ya mwezi, watu wakiwa wametulia, wala usingoje mwisho wa mwezi ambapo kila mtu anapiga kelele. Mpe meneja miezi miwili. Akitia saini ratiba ya zamu na kuwapa muda wa kurekebisha yale malipo yanayojirudia, baki, ni mtu wa kufanya naye kazi. Akikupiga danadana mpaka miezi miwili ipite, anza kutafuta pengine ukiwa bado unalipwa hapo. Na kwenye kila usaili uliza swali moja mapema: mfumo ukilala usiku, nani anaamka, na kesho yake anaingia saa ngapi? Wakitazamana kabla ya kujibu, shukuru kwa chai uondoke.

Nyongeza ya mkataba ikishatiwa saini, nakala yako iweke nyumbani. Usiihifadhi kwenye laptopu yao.

Shangazi